Fao la kukosa ajira Marekani: zamu fupi inapokula posho

Ukikaa na Waswahili wa Marekani wanaoishi kwa zamu, wahudumu wa wazee majumbani, wapakiaji wa maghala, wakata nyama viwandani, utasikia mambo mawili yanayopingana kuhusu fao la kukosa ajira. Mmoja atakuambia, "Ukishagusa kazi tu, hata ya saa mbili, wanakukatia." Mwingine atakuambia, "Dada, kazi ndogo ndogo usiiseme, hawana habari nayo." Wote wawili wamekosea, na kila mmoja analipia kosa lake. Wa kwanza anakataa zamu ambayo ingemwachia pesa zaidi mfukoni. Wa pili anajitengenezea deni la serikali lenye adhabu juu yake. Siwalaumu sana, maana kanuni zenyewe zimepangwa kana kwamba zinataka watu wakosee.

Sheria ya kila jimbo inamtambua mtu ambaye kazi haikumtoka yote. Aliyekuwa na saa 40 kwa wiki akabaki na 15, au aliyeachishwa kazi ya kudumu akapata kibarua cha siku mbili, bado anaweza kulipwa sehemu ya fao lake. Kila wiki anataja alichofanya na alichopata, ofisi inakata kiasi fulani, kinachobaki anatumiwa. Sharti ni kwamba saa zimepunguzwa na mwajiri, si yeye. Ukiomba mwenyewe kupunguziwa, au ukapigiwa simu uje zamu ya Jumamosi ukasema umechoka, unaweza kunyimwa wiki ile.

Na fedha hizi si sadaka, jambo ambalo wengi wetu hatujalishika vizuri, ndiyo maana watu wanaona haya kudai. Ni malipo ya bima ya kukosa ajira: jimbo la Wisconsin lilipitisha sheria ya kwanza ya bima hii mwaka 1932, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, na mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt akasaini sheria ya hifadhi ya jamii iliyoyasukuma majimbo yote kuwa na mpango wake. Anayechangia ni mwajiri, isipokuwa Alaska, New Jersey na Pennsylvania ambako mfanyakazi naye hukatwa kidogo. Kiwango cha mwajiri hupanda kadiri watu wake wanavyodai, na ndiyo sababu pingamizi dhidi ya dai lako mara nyingi hutoka kwa bosi wako wa jana.

Sasa twende kwenye hesabu, maana ndiko uchungu uliko.

Chukua mama anayehudumia wazee majumbani kwa dola 20 kwa saa. Alikuwa na wateja watatu. Mmoja kalazwa hospitali, mwingine watoto wake wamempeleka kwenye kituo cha wazee, kabaki mmoja. Anayeijua kazi hii anajua kwamba mteja akilazwa, saa zako zinalala naye, na hakuna anayekulipa kumsubiri apone. Mama yetu kashuka hadi saa 15, yaani dola 300 kwa wiki. Tuseme fao lake kamili, kama asingefanya kazi kabisa, lingekuwa dola 400.

Akiwa Texas, anaruhusiwa kupata hadi robo ya fao lake, dola 100, bila kuguswa. Dola 200 zilizozidi hapo zinakatwa zote. Analipwa 200, jumla wiki inamwachia 500. Akiwa California, robo ya kipato chake haihesabiwi, kinachobaki, dola 225, kinakatwa. Anapata 175 juu ya mshahara wake, jumla 475. Minnesota wanakata nusu ya kipato, kwa hiyo analipwa 250, jumla 550. New York hawaangalii kwanza pesa bali saa: hadi saa 10 hukatwi kitu, kuanzia 11 hadi 16 unapoteza robo ya fao, kuanzia 17 hadi 21 nusu, kuanzia 22 hadi 30 robo tatu, na 31 kwenda juu hupati kitu. Kwa saa zake 15 anapata 300 ya fao na 300 ya mshahara, jumla 600.

Mwanamke yuleyule, saa zilezile, na kati ya California na New York kuna tofauti ya dola 125 kwa wiki. Hiyo peke yake ningeivumilia, majimbo yana haki ya kutofautiana. Nisichokivumilia ni kinachotokea wakala anapompigia simu Alhamisi jioni: "Mama, kuna zamu ya saa tano kesho, utakwenda?"

Texas, zamu hiyo inamletea dola 100 za mshahara na kumwondolea dola 100 za fao. Faida yake ni sifuri. California anabaki na 25 kwa saa tano za kumwinua na kumwogesha mtu mzima. New York saa zake zinafika 20, anaangukia kwenye nusu: 200 ya fao na 400 ya mshahara, jumla 600, ileile aliyokuwa nayo kabla simu haijalia. Minnesota ndiko kwenye shimo. Jimbo lililokuwa na ukataji wa haki kuliko yote lina kanuni nyingine kwamba kipato cha wiki kikifikia fao lenyewe, hustahili chochote wiki hiyo. Kwa saa 20 amepata dola 400 kamili. Fao linatoweka, anabaki na 400. Amefanya kazi saa tano zaidi na amepoteza dola 150.

Toa hapo petroli, toa pesa ya kumlipa jirani anayemkalia watoto, kisha niambie ungemshauri nini. Mimi ningemwambia aikatae zamu hiyo, ila akiikataa anavunja sharti la kuwa tayari kufanya kazi, na kukataa huko kunaweza kumnyima fao. Sheria inamwamuru aende na kumtoza faini akienda.

Kisha wanasiasa wa miji mikuu ya majimbo husimama kulalamika kwamba fao linawafanya watu wavivu. Uvivu gani? Mtu anayepiga hesabu ya wiki yake na kuona saa ya ziada haina kitu ndani yake anafanya kile ambacho mwenye kampuni yoyote angefanya. Wachumi waliochunguza kumbukumbu za madai za majimbo wameona jambo hilo: kipato cha wanaodai fao la sehemu hurundikana pale pale kizingiti kilipo, pale ambapo dola ya mwisho isiyokatwa inaishia. Watu wamesoma kanuni na wakaitii.

New York inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu pale ndipo mtu anaweza kuona kanuni mbaya ikibadilishwa na nyingine yenye nafuu, na ugonjwa ukabaki. Hadi Januari 2021 jimbo hilo lilihesabu siku. Ukifanya kazi siku moja, hata kwa saa moja, umepoteza robo ya fao. Siku mbili, nusu. Siku tatu, robo tatu. Siku nne, hakuna kitu. Chukua mtu mwenye fao la juu la wakati huo, dola 504, akilipwa dola 15 kwa saa. Akifanya saa 12 katika siku moja, anapata 180 ya mshahara na 378 ya fao, jumla 558. Mwenzake akifanya saa mbili mbili kwa siku tatu, nusu ya kazi ya yule, anapata 90 ya mshahara na 126 ya fao, jumla 216. Aliyefanya kazi kidogo zaidi, na kwa hiyo mwenye shida zaidi, anaondoka na pesa isiyofika nusu ya mwenzake. Na ni nani anayefanya kazi ya saa mbili mbili? Mhudumu wa mgahawa wakati wa chakula cha mchana. Mhudumu wa mgonjwa anayeitwa asubuhi kumwamsha mtu na kumvalisha. Wafagiaji wa ofisi. Kanuni ile iliwalenga wao kana kwamba ilitungwa kwa ajili yao, ingawa naamini aliyeitunga alikuwa anawaza vibarua vya bandarini na viwandani, ambako siku ya kazi ilikuwa siku nzima.

Janga la korona ndilo lililoivunja. Januari 2021 wakailegeza, Agosti mwaka uleule wakaanza kuhesabu saa. Ni nafuu kubwa: yule wa saa sita sasa hakatwi hata senti. Lakini ngazi zimebaki ngazi. Mrudie mama yetu wa fao la dola 400. Kwa saa 10 ana jumla ya dola 600. Kwa saa 11 ana 520. Anapanda polepole hadi 620 kwenye saa 16, anaporomoka hadi 540 kwenye saa 17, anafika tena 620 kwenye saa 21. Yaani kutoka saa 10 hadi saa 21, saa 11 za jasho, ameongeza dola 20. Na Oktoba 2025 New York ilipopandisha fao la juu kutoka dola 504 hadi 869, hatua ya jumla ninayoisifu, kila ngazi ilirefuka pia kwa wanaopata kiwango hicho: saa ya kumi na moja inamgharimu mtu huyo zaidi ya dola 217 za fao.

Kuna utetezi mmoja wa kanuni hizi ambao ni wa kweli, na wanaolalamika huuruka. Katika majimbo mengi kiasi kinachokatwa hakipotei. Dai lako lina kiasi cha jumla ulichotengewa, na dola 200 ambazo Texas haikukulipa wiki hii zinabaki humo, zikirefusha muda wako wa kulipwa. Kwa macho hayo, kukatwa ni kucheleweshwa tu, na anayepiga kazi ya nusu kwa miezi mingi anaweza kulipwa hadi wiki ambazo mwenzake asiyefanya kazi keshamaliza fungu lake. Ni hoja nzuri kwa mtu anayejua kwamba atakaa nusu kazi muda mrefu. Lakini mwaka wa dai una wiki 52 tu, na mama yetu anatarajia mteja mwingine mwezi ujao. Saa zikirudi, salio lile linakufa bila kuguswa. Na mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi huu.

Wanaosema fao lisikatwe kabisa nao hawanishawishi. Mwajiri akijua kwamba mfuko utajaza pengo lote, atawaweka watu kwenye saa 20 milele na kuwaachia walipakodi wenzake nusu nyingine ya mshahara. Kukata kuwepo. Ukataji wa nusu wa Minnesota ndio ulio karibu zaidi na haki, ukiondoa lile shimo la mwisho: kila dola unayoipata inakuachia senti 50, kwa hiyo kwenda kazini daima kuna maana, na mfuko nao unapumua. Hakuna sababu ya kitaalamu ya kuufuta mteremko ule kipato kinapofikia fao, badala ya kuuacha ushuke hadi sifuri wenyewe.

Sasa yule wa "usiiseme". Fomu ya kila wiki, ambayo wengi huijaza kwenye simu wakiwa kitandani Jumapili, inauliza maswali machache yanayoonekana mepesi: Je, ulifanya kazi? Saa ngapi? Ulipata kiasi gani? Mitego iko miwili. Kwanza, wanataka mshahara ghafi, kabla ya makato. Hati ya mshahara inaonyesha saa 14 kwa dola 16.50, jumla 231, halafu kodi na makato mengine, na chini kabisa, kwa herufi nene, ile iliyoingia benki, labda dola 199. Jicho linakwenda kwenye 199, mkono unaandika 199. Pili, kipato kinatajwa kwa wiki uliyofanya kazi, si wiki uliyolipwa. Wanaolipwa kila baada ya wiki mbili huandika sifuri wiki mbili kisha fungu zima kwa mpigo, na hapo tayari taarifa tatu ni za uongo ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya.

Nao wanajua. Sheria ya shirikisho inamtaka kila mwajiri aripoti mtu mpya aliyeajiriwa ndani ya siku 20, na majina hayo yanalinganishwa na orodha ya wanaolipwa fao. Kila robo mwaka waajiri huripoti pia mishahara yote. Vikigongana, barua inakwenda kwa mwajiri ikimwomba avunjevunje kipato wiki kwa wiki, na wewe unaipata yako miezi baadaye, ulipokwisha kusahau. Ikiamuliwa kuwa ulikosea kwa bahati mbaya, unarudisha kilichozidi. Ikiamuliwa kuwa ulidanganya, unarudisha na kuongezewa adhabu isiyopungua asilimia 15, ambayo sheria ya shirikisho inaidai kila jimbo, na majimbo mengine hukunyima wiki za baadaye. Andika ghafi, andika wiki ya kazi, weka hati zako. Kama Kiingereza cha fomu kinakupiga chenga, piga simu uombe mkalimani. Majimbo mengi hutoa wa Kiswahili kwa njia ya simu, na kumsubiri dakika 40 ni bora kuliko kukisia. Na ukumbuke kwamba fao lenyewe linatozwa kodi ya mapato ya shirikisho. Wasiokatwa mapema hushtuka Aprili.

Ubaya wa vizingiti haujawahi kuonekana wazi kama mwaka 2020. Bunge la Marekani liliongeza dola 600 kwa wiki juu ya kila fao la jimbo, hadi mwisho wa Julai, na aliyestahili hata dola moja ya fao la sehemu alipewa 600 zote. Kwa hiyo mtu wa Texas mwenye fao la 400 aliyepata mshahara wa dola 499 alibakiwa na dola moja ya fao, akapata 600 juu yake, jumla 1,100. Mwenzake aliyepata 501 hakuwa na fao, akabaki na 501. Dola mbili za mshahara zilibeba karibu dola 600. Nakumbuka mijadala ya wakati ule, watu wakibishana kama kiasi kilikuwa kikubwa mno. Walioshughulika na kizingiti walikuwa wachache, ingawa ndicho kilichokuwa kinaamua nani anapata na nani anakosa.

Njia nyingine ipo na ina umri mrefu. Ujerumani ina mpango ambao mwajiri, badala ya kufukuza watu, anawapunguzia wote saa, na bima inalipa asilimia 60 ya mshahara wa mkononi, baada ya makato, uliopotea, au 67 kwa mwenye mtoto. Aprili 2020 karibu wafanyakazi milioni sita walikuwa kwenye mpango huo, na wengi walirudi kwenye meza zao bila kufukuzwa hata siku moja. California ina kitu cha namna hiyo tangu mwaka 1978, na zaidi ya nusu ya majimbo yameiga. Lakini ni lazima mwajiri ajaze makaratasi kuomba, na wakala wa wahudumu wa wazee hana haja. Akikosa zamu za kukupa, hakupigii simu. Basi.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili halijaulizwa bado. Tanzania ilipoondoa fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako ya pensheni unapoacha kazi, mwaka 2018, ilileta fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Kelele zote zilikuwa juu ya kujitoa, na kwa haki, maana watu walitaka pesa zao. Lakini fomula ile inamjua mwenye ajira na asiye nayo. Aliyebaki na nusu haimo. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlipa anayepunguzwa kazi siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi, na ni lazima awe ametolewa kweli. Mwaka 2020 hoteli za pwani, kuanzia Diani hadi Nungwi, zilipokosa wageni, wafanyakazi wengi walirudishwa nyumbani kwa likizo bila malipo au kubakizwa kwa nusu mshahara. Hawakufukuzwa, kwa hiyo hawakuwa na cha kudai.

Nikirudi Marekani, sababu ya ubahili huu wote haiko kwenye fomu wala kwenye tabia za wanaodai. Kodi ya shirikisho ya bima hii inatozwa kwenye dola 7,000 za kwanza tu za mshahara wa mwaka, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1983, na majimbo yanaweza kujipangia kodi yao yasishuke chini ya hapo. California imebaki palepale kwenye 7,000, fao lake la juu limekwama dola 450 tangu mwaka 2005, na bado mfuko wake unadaiwa na serikali ya shirikisho karibu dola bilioni 20. Jimbo la Washington linatoza kodi hiyo kwenye zaidi ya dola 70,000 za kwanza, na fao lake la juu limevuka dola 1,000 kwa wiki. Mwajiri wa Los Angeles anamaliza kumlipia kodi hiyo mfanyakazi wa dola 20 kwa saa katika wiki ya tisa ya mwaka, kisha wiki zote zilizobaki hadi Desemba halipi kitu.